Fedha iende ukingoni mwa mto

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama kumlipa mkulima ili alinde mazingira kunapunguza kweli uchafuzi wa mito. Mimi nimelima pamba, na sasa nalima mboga, katika bonde la Mto Simiyu wilayani Magu. Jibu langu ni kwamba malipo hayo yanaweza kupunguza tope, lakini mbolea iliyokwisha kuyeyuka haizuiliki kwa njia ileile.

Simiyu ni mto wa msimu. Kiangazi ng'ombe huvuka mchanga mkavu. Mvua zikikolea, maji hushuka kwa kasi kutoka mashamba yaliyolimwa kwa plau kufuata mteremko, na huingia Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa kuwa fosforasi, kirutubisho cha mimea kilichomo katika mbolea, kwa sehemu kubwa husafiri imeshikamana na chembe za udongo, mkulima anayelipwa ili alime kwa kukatisha mteremko, achimbe makinga maji na aache majani ukingoni, huzuia tope pamoja na chakula cha magugu maji. Huko milima ya Uluguru, Morogoro, wakulima wa Kibungo Juu waliwahi kulipwa na watumiaji wakubwa wa maji ya Mto Ruvu, DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, ikiwamo, kwa kutengeneza matuta ya ngazi na kupanda miti. Naupenda mpango wa namna hiyo, kwa sababu mlipaji ana haja yake mwenyewe ya kuyachungulia maji.

Marekani inatuonyesha upande wa pili. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, kando ya Ziwa Erie, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani, ingawa wakulima wa bonde la Mto Maumee walikuwa wamepewa motisha za hifadhi kwa miaka mingi. Wengi wao walikuwa wamepunguza kulima kwa plau na udongo ukatulia, lakini mbolea iliyotawanywa juu ya ardhi bila kufukiwa iliyeyuka, ikaondoka na mvua na kuulisha mwani.

Hapa kwetu, tangu msimu wa 2022/2023, Serikali inatoa ruzuku ya mbolea. Siipingi, maana mashamba yetu yamechoka. Hata hivyo ruzuku nayo ni motisha, na sauti yake ni kubwa kuliko ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayotaka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kuharibu. Kiangazi unyevu uko hapohapo ukingoni, na ndipo nyanya na kabichi zinapolipa ada ya shule.

Kwa hiyo ningelipia ukanda huo, wala si semina au idadi ya miche. Mradi mmoja ulitugawia miche, ukaihesabu siku ya kupanda. Baada ya hapo waliobaki kuihesabu ni mbuzi. Malipo yatolewe baada ya masika, majani yakiwa bado yamesimama, na maji yapimwe juu na chini ya mashamba hayo. Wasukuma tunajua kutenga ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa ili majani yakue, na kuifungua kwa makubaliano. Ukanda wa mto ukitunzwa hivyo, mwenye shamba atakata majani ya kulishia maksai wake mwezi wa tisa, na fidia ya nyanya alizoacha kupanda haitakuwa kubwa.