Kabla Hujaikabidhi Kanda Yako kwa Hifadhi ya Mkoa

Wasanii wengi huniuliza kanda zao zitadumu miaka mingapi. Kwa uzoefu wangu, kanda yenyewe mara nyingi huwa ya mwisho kushindwa. Kanda nyingi za VHS za miaka ya themanini na tisini zilizopita mikononi mwangu bado zilikuwa na picha inayoonekana. Kilichokuwa adimu ni deki ya kuzichezesha, na kilichokuwa adimu zaidi ni mtu wa kueleza kilichomo. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na Machi mwaka huohuo Sony ilikuwa imeshaacha kuuza kanda za Betamax, aina nyingine ya kanda za video. Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilikuwa imeonya tangu mwaka 2015 kwamba kanda za sumaku ambazo hazitakuwa zimehamishiwa kwenye faili kufikia 2025 huenda zisihamishike tena, kwa kuwa mashine zitakuwa zimekwisha na mafundi wake watakuwa wamestaafu.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhamisha kanda za wasanii wa pwani: wachoraji waliojaribu video, vikundi vya maigizo, watu wa ngoma na taarabu, na watengenezaji wa filamu fupi ambazo hazikuwahi kufika sinema. Wengine nimewasindikiza hadi kwenye hifadhi za umma, nikakaa nao mezani wakati wa kutia sahihi. Nimetoka huko na ushauri mmoja, nao ni kuikabidhi kazi ungali hai, katika hifadhi iliyo karibu na watu wanaoifahamu, ikiwa na maelezo na masharti yaliyoandikwa.

Neno la kwanza ninalobishiwa ni hilo la ukaribu, kwani msanii hupenda kazi yake ikae makao makuu. Uingereza ilikuwa na maktaba ya taifa ya filamu mjini London tangu mwaka 1935, lakini East Anglian Film Archive, hifadhi ya filamu ya eneo moja tu la nchi, ilianzishwa mwaka 1976, na baada yake zikafuata nyingine katika maeneo mengine ya England. Ufaransa nako watu wa Bretagne walianzisha sinemateki yao, yaani hifadhi ya filamu, mjini Brest mwaka 1986. Kwetu msingi upo, ingawa ni mwembamba. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yaani hifadhi ya nyaraka ya nchi hiyo, yana vituo vyake Mombasa, Nakuru, Kisumu, Kakamega na Nyeri, na Zanzibar ina hifadhi yake ya nyaraka pale Kilimani. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaitambua kumbukumbu bila kujali imo katika umbo au chombo gani, kwa hiyo ofisa anayekuambia kwamba wao hupokea mafaili ya karatasi tu anaweza kweli kuwa hana vifaa, lakini asiisingizie sheria.

Faida ya ukaribu huonekana siku ya kuandika maelezo. Ilikuwapo kanda iliyoandikwa ubavuni «Ngoma 1994», ambayo ilikaa kabatini bila kuguswa kwa sababu hakuna aliyejua aanzie wapi. Mzee mmoja wa mtaani alipoketishwa mbele ya televisheni alimtaja mpiga zumari kwa jina la baba yake, akataja arusi ilikuwa ya nyumba gani, kisha akaomba picha isimamishwe. Nyuma ya wachezaji palikuwa na baraza la nyumba ambayo, kwa kauli yake, ilibomolewa kabla ya mwaka ule. Tulipoichunguza tukaona kuwa kanda ile ilikuwa nakala, na tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya siku ya kunakiliwa. Mtaalamu wa mji mkuu, hata awe bingwa kiasi gani, asingeijua nyumba ile.

Kwa hiyo, kabla ya kukabidhi chochote, tafuta kanda, kalamu na mtu wa pili anayekumbuka. Andika nani anaonekana, nani alishika kamera, mahali penyewe kwa jina linalotumiwa na wenyeji, lugha au lahaja inayozungumzwa, mwaka wa kupiga picha na mwaka wa kuhariri ikiwa ni tofauti, na kama hii ni nakala ya kwanza au nakala ya nakala. Usiogope kuandika «sina uhakika». Mhifadhi mzuri huthamini shaka iliyoandikwa kuliko uhakika wa kubuni. Kazi hii huchosha kuliko kunakili kwenyewe, na ndiyo ambayo watoto wako hawataweza kukufanyia ukishaondoka.

Hali ya vitu vyenyewe inahitaji macho, na pua pia. Ikiwa una mikanda ya filamu ya milimita 16 au Super 8, fungua kopo unuse. Harufu ya siki ni asidi ya asetiki inayotoka kwenye plastiki yenyewe ya mkanda, na kadiri inavyofungiwa ndani ndivyo inavyozidi kuuharibu, hadi mkanda unajikunja, unasinyaa na kukataa kupita kwenye mashine. Uharibifu huo hauna dawa. Hupunguzwa kasi tu. Tenga kopo lenye harufu mbali na mengine, kwa kuwa mvuke wake huambukiza, usiliache limefungwa kwa utepe wa plastiki, na liwe la kwanza katika foleni ya kunakiliwa. Hifadhi yenye uzoefu itakuwa na vijikaratasi vya kupimia asidi, vinavyobadilika kutoka bluu hadi kijani na kisha njano. Uliza kama wanavyo, maana jibu lenyewe litakueleza mengi kuhusu hifadhi hiyo.

Kanda ya video haikupi onyo la namna hiyo. Itazame kupitia dirisha lake dogo kwenye mwanga wa jua: ukiona vumbi jeupe au nyuzinyuzi kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu, na usiitie ndani ya deki yoyote hata kwa dakika moja, kwa sababu vichwa vya deki vitaibeba na kuipaka kanda itakayofuata. Ikianza kulia kama mlango usiotiwa mafuta, isimamishe, kwani gundi inayoshikilia chembe za sumaku imeshanyonya unyevu na unachokisikia ni picha yako ikikwanguliwa. Kanda zisizoharibika zirudishwe mwanzo, zisimamishwe wima kama vitabu, na kile kipande cha plastiki kinachoruhusu kurekodi juu yake kivunjwe leo hii. Nimeona arusi imerekodiwa juu ya mchezo wa kuigiza, na nimeona mpira umerekodiwa juu ya arusi hiyo.

Kuhusu joto, usikate tamaa kwa kusoma viwango vya Ulaya. Ghala la filamu la BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, huko Gaydon, Uingereza, huwekwa nyuzi 5 chini ya sifuri na unyevu wa asilimia 35, jambo ambalo kituo cha mkoa mjini Mombasa au Tanga hakitaliweza hivi karibuni. Kwa kanda za video, chumba cha nyuzi 18 hivi chenye unyevu usiozidi asilimia 40 ni kizuri sana, na hata chumba cha nyuzi 22 kisichopandishwa na kushushwa ni bora kuliko kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni ofisa anaporudi nyumbani, kwa sababu kupanda na kushuka huko ndiko kunakoleta maji ndani ya kanda. Uliza kinachotokea umeme ukikatika. Wapo wanaoweka kanda kwenye friji la nyumbani pamoja na samaki. Hao naomba wazitoe, lakini wakizitoa waziache zifikie joto la chumba kwa saa kadhaa kabla ya kuzifungua.

Sehemu ambayo hifadhi nyingi za umma hazijaizoea ni kwamba kazi ya msanii si sawa na taarifa ya habari. Ofisa aliyefunzwa kushughulikia kumbukumbu za serikali akiona mikwaruzo ataisafisha, akiona picha imetikisika ataituliza, akiona dakika tatu za giza ataona kosa. Ikiwa mikwaruzo uliichora mwenyewe kwa sindano juu ya mkanda, au ikiwa ukimya ule uliukusudia, yaandike hayo kwa maneno yasiyo na shaka na uyabandike kwenye kopo. Sharti langu la kudumu ni kwamba nakala ya msingi isiguswe kwa marekebisho yoyote, wala isibadilishwe mpangilio wa mistari inayounda picha ya video ili ionekane laini kwenye kompyuta. Anayetaka kusafisha asafishe nakala ya kuonyesha.

Kazi zilizotengenezwa kuonyeshwa kwenye televisheni kadhaa kwa pamoja ni mtihani zaidi. Faili tatu zilizohifadhiwa vizuri haziwezi kukueleza kwamba skrini moja iliwekwa sakafuni, kwamba ya pili ilianza sekunde chache baadaye, na kwamba watazamaji walikuwa wameketi juu ya mikeka katikati. Hata nchi tajiri zinalijua tatizo hilo: mnara wa televisheni 1,003 uliojengwa na msanii wa video Nam June Paik mwaka 1988 katika jumba la makumbusho la taifa huko Gwacheon, Korea Kusini, ulilazimika kuzimwa mwaka 2018 kwa sababu ya uchakavu wa televisheni zake za kioo cha zamani, na ukafuata mjadala mrefu kama zibadilishwe au zikarabatiwe. Wewe mwenye televisheni tatu utangulie mjadala huo. Chora ramani ya chumba, weka picha za maonyesho ya kwanza, na uandike kipi kinaweza kubadilishwa na kipi kikibadilishwa kazi inakuwa si yako tena.

Sasa mkataba. Msanii anapokabidhi huwa na furaha ya kupokelewa, na katika furaha hiyo hutia sahihi fomu iliyotungwa kwa ajili ya mafaili ya wilaya. Isome. Kukabidhi kanda si lazima kuwe kukabidhi hakimiliki. Unaweza kuipa hifadhi kanda na ruhusa ya kuinakili kwa ajili ya kuihifadhi, kuionyesha kwa watafiti ndani ya jengo, na kutumia vipande kwa elimu, huku haki ya kuuza na kurusha hewani ikibaki kwako na warithi wako. Taja kwa jina nani ataulizwa baada yako. Taja pia kwamba utapewa nakala ya faili bila malipo, na kwamba kituo kikifungwa au kikihamishwa kanda zitarudi kwako au kwenda mahali mlipokubaliana. Muziki uliomo kwenye filamu una wenyewe vilevile, na kama uliutumia bila ruhusa enzi hizo, sema mapema ili hifadhi isije ikaingia matatani siku ya kuuweka mtandaoni.

Jambo ninalolikazia kuliko yote katika mkataba ni heshima ya waliopigwa picha. Pwani tuna ngoma za wanawake, na tuna mambo ya unyago, ambayo waliokuwamo walikubali kamera kwa sababu aliyeishika alikuwa mwenzao na watazamaji wangekuwa wenzao. Mwanamke aliyepiga picha hizo anaponiuliza azikabidhi vipi, humshauri aandike kwamba zitunzwe, zinakiliwe na mfanyakazi mwanamke, zitazamwe na wanawake tu kwa ombi la maandishi, na zisiwekwe mtandaoni hata kidogo. Kituo kimoja kiliona masharti hayo ni usumbufu na kikataka yafutwe. Tukazirudisha nyumbani, na sijutii. Hifadhi ya umma inayosema kila kilicho chake lazima kionwe na kila mtu haijaelewa ni nani waliokiumba.

Ukihamisha mwenyewe kabla ya kukabidhi, zingatia machache. Kanda za MiniDV, zile ndogo za kamera za mkononi, tayari ni za kidijitali, kwa hiyo zitolewe kwa waya wa FireWire unaounganisha kamera na kompyuta ili data itoke kama ilivyo, gigabaiti 13 hivi kwa kila saa moja, badala ya kurekodiwa upya kupitia nyaya za njano, nyekundu na nyeupe. Zilizorekodiwa kwa mwendo mrefu wa LP mara nyingi hukubali kamera ileile iliyozirekodi na kukataa nyingine zote, basi usiigawe kamera hiyo kwa mpwa wako. Kwa VHS na U-matic, kanda pana za zamani za studio, omba faili isiyopoteza kitu, kama vile FFV1, umbizo la video lililo wazi kwa kila mtu na ambalo maelezo yake ya kiufundi yalichapishwa rasmi mwaka 2021, likiwa ndani ya faili ya aina ya Matroska. Faili ya MP4 ni ya kutumiana tu. Iliyopita kwenye WhatsApp usiihesabu kabisa, na YouTube ni ukumbi wa maonyesho wenye mwenyewe, ambaye anaweza kuufunga akitaka. Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mji mwingine.

Kila faili ikokotolewe namba yake ya uhakiki, ile ndefu ambayo mafundi huiita MD5 na ambayo hubadilika hata kipande kidogo kabisa cha faili kikibadilika, kisha namba hiyo iandikwe kwenye mkataba wenyewe. Baada ya miezi kadhaa nenda kituoni uombe kuitazama kazi yako, kama mtafiti yeyote. Omba ifunguliwe kutoka kwenye nakala yao, si kwenye diski uliyowapelekea, na ikokotolewe namba yake mbele yako. Ikilingana, mpe ofisa orodha ya kanda zinazofuata. Isipolingana, au ikiwa hakuna anayejua faili iko wapi, diski uliyoibakiza nyumbani ndiyo nakala pekee uliyo nayo, na hizo zilizobaki usizikabidhi hadi ya kwanza ipatikane.