Madaftari ya mchungaji yasitoke kwa mjane kabla ya kupigwa picha

Mleta mada, umeuliza wasifu wa mchungaji wenu uwe kurasa ngapi na fulana zichapishwe wapi, halafu mwishoni ukagusia kwa mstari mmoja kwamba kuna kiongozi amesema madaftari yake ya mahubiri yaende ofisini "yakahifadhiwe" baada ya mazishi ya Jumamosi. Usikubali! Daftari hata moja lisivuke kizingiti cha mama mchungaji kabla kila ukurasa haujapigwa picha.

Mimi ni mwinjilisti. Mchungaji niliyehudumu chini yake aliacha sanduku la bati limejaa madaftari. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino, lakini tuliomzoea tuliusoma. Mbele aliandika mahubiri; nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kuja katikati, aliandika watu. Nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto gani wa kipaimara hana ada, bibi gani hajafika ibadani na anakaa kitongoji gani. Pembeni aliweka methali alizopewa na wazee kwa kilugha, maana alasiri huko mitaani, yaani kwenye makanisa madogo ya usharika, hakuhubiri Kiswahili. Nilimwona akitembelea nyumba na daftari lile kwapani, mvua ikinyesha.

Siku chache baada ya kumzika, akaja kiongozi mmoja na gari. Nyumba ilitakiwa kwa mchungaji mpya, mama anafunga virago huku anapokea wageni wa rambirambi. Yule bwana akasema maandishi ya mtumishi ni mali ya kanisa, ofisi ina chumba maalumu. Hakuna aliyeandikishiana naye. Mwaka uliofuata mama alipoomba angalau daftari la mwisho, akaambiwa ofisi ilihama, karatasi chakavu zilichomwa. Chakavu! Huduma ya mtu mzima, kwa neno moja la karani. Mpaka leo nikimkumbuka yule aliyetuhakikishia kwa sauti ya upole kiasi kile, damu inanichemka. Hakuwa na chumba wala kabati. Alitaka tu nyumba iwe wazi.

Na msidanganywe na hilo la "mali ya kanisa". Vitabu vya usharika, yaani vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, hivyo ni vya usharika na vikabidhiwe kwa maandishi mbele ya wazee. Daftari alilonunua mwenyewe dukani ni la familia yake.

Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alifariki 1988 na bado tunaweza kujadili fikra zake, kwa sababu aliyoandika yalichapishwa. Mchungaji wa usharika wa milimani hana mchapishaji. Ana daftari. Ipo kamusi ya mtandaoni ya wasifu wa Wakristo wa Afrika, iliyoanzishwa 1995, inayokusanya habari za watumishi wa namna hii kabisa, lakini lazima mtu wa nyumbani aziandike kwanza.

Basi fanya hivi kuanzia leo. Kaa karibu na dirisha mchana, zima mwanga wa kamera, anza na jalada, usiruke hata ukurasa mtupu. Kurasa zenye siri za watu waliomwendea kwa toba msizipige. Mama na mzee mmoja wa kanisa anayeaminika wazitenge. Picha zikitumwa WhatsApp tuma kama faili, zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora na mwandiko wa penseli unapotea. Nakala moja kwa mama, nyingine kwa mtoto anayekaa mbali.

Simu yake vilevile. Msimpe kijana "aisafishe" ili aitumie. Jumbe za sauti alizokuwa akituma kwa wagonjwa ziko humo, na akaunti ya WhatsApp isipotumika siku 120 kwa kawaida hufutwa. Waulizeni wanakwaya nani ana kaseti za zamani zenye sauti yake.

Wasifu uandike ukiwa umekaa na mama, si kwenye meza ya kamati. Kamati itakupa vyeo na vyuo. Mama ndiye anayejua mtaa wa kwanza alikopangwa akiwa bado kijana, na wazee wa mtaa huo watakuwepo Jumamosi wakisubiri kusikia jina la kwao. Kwetu halikusomwa. Waliondoka kabla ya chakula. Dakika zikibana, zipunguzwe salamu za wageni rasmi.

Yule kiongozi wenu akija, mpe nakala na umwombe asaini kwamba amepokea. Kama mama hana simu yenye kamera nzuri, sema hapa hapa leo, uandike na mji mliopo. Nitatafuta mtu wa kuwaletea kabla ya Ijumaa.