Biskuti za Krismasi za Kiswidi: achana na aina saba, oka mbili

Mleta mada, umesema mko Gothenburg, mama mkwe anakuja Krismasi, unataka kumuokea biskuti za kwao aina zote saba, na pepparkakor (biskuti nyembamba za viungo) ulizojaribu zimetoka nene na ngumu. Miaka yote niliyokaa huku nimekuwa nikioka na majirani, kwa hiyo nichangie.

Hiyo saba iache, dada. Ni desturi ya karne ya 19, enzi wanawake wakikaribishana kahawa: ukiandaa pungufu unaonekana bahili, ukizidisha unajionyesha. Siku hizi nyumba nyingi haziifikishi. Oka pepparkakor na drömmar (biskuti nyeupe nyepesi za vanila), basi.

Pepparkakor zako zimeponzwa na haraka. Donge likishachanganywa huwa laini na linanata, na mkono uliozoea chapati unakimbilia unga. Usiongeze! Lifunge plastiki, lilale kwenye friji hadi kesho. Siagi itaganda, unga utafyonza maji, utalikuta limekaza lenyewe.

Vipimo vyangu: siagi gramu 150, sukari desilita 2.5, ljus sirap (sirapu nyepesi ya sukari) nusu desilita, maji desilita 1, unga wa ngano desilita 7.5, bikaboneti nusu kijiko cha chakula, mdalasini na tangawizi kavu kijiko kimoja kimoja cha chakula, karafuu nusu kijiko cha chakula, iliki kijiko kimoja cha chai, vyote vya kusaga. Chemsha sukari, sirapu, maji na viungo, yeyushia siagi humo, acha ipoe kabisa ndipo utie unga na bikaboneti. Kama una karafuu ya Pemba uliyotoka nayo nyumbani, isage mwenyewe lakini punguza kidogo, maana ina ukali kuliko hii ya vikopo.

Kesho yake toa kipande kidogo, kingine kibaki kwenye friji. Sukumia palepale juu ya karatasi ya kuokea hadi ibaki milimita 2 hivi. Kata maumbo, ondoa mabaki ya pembeni, kisha hamishia karatasi nzima kwenye trei. Ukianza kunyanyua moja moja, lile umbo la nguruwe linalopendwa sana huku litafika kwenye oveni halina mkia. Nyuzi 200, dakika 5, na usibanduke hapo, kwa sababu zikiungua karafuu inakuwa chungu. Zitatoka laini, zitakauka zikipoa.

Drömmar zinahitaji hjorthornssalt, yaani chumvi ya amonia ya kuumulia biskuti, inauzwa kwenye vikopo vidogo karibu na hamira. Zamani ilitokana na pembe za kulungu, sasa ni ya viwandani. Piga siagi gramu 100 na sukari desilita 2.5 hadi iwe nyeupe, tia mafuta ya kula desilita 1, sukari ya vanila vijiko 2 vya chai, kisha unga desilita 4 uliochanganywa na hjorthornssalt kijiko 1 cha chai. Fanya vidonge, oka nyuzi 150 kama dakika 20. Zinapasuka juu na kubaki nyeupe. Nakuonya mapema: oveni itanuka amonia, jiko zima kama choo cha stendi. Fungua dirisha, na watoto wasilambe donge bichi. Ile harufu huruka yote kwa kuwa biskuti ni ndogo na kavu, ndiyo maana huwezi kutia hjorthornssalt kwenye keki nene. Hamira ya unga (baking powder) haikupi ule wepesi wa kuyeyuka mdomoni.

Anza mapema, pepparkakor hukaa wiki kadhaa kwenye kopo la bati. Na kumbuka hawa husherehekea tarehe 24, si 25. Mama mkwe akifika, weka moja kiganjani, igonge katikati kwa kifundo cha kidole. Ikipasuka vipande vitatu unanuia jambo na kuila kimya. Atafurahi kuona unajua.

Lussekatter ulizoulizia mwishoni si biskuti, ni vimkate vya zafarani vya siku ya Lucia, tarehe 13 Disemba. Vile vinaumuliwa na vina mambo yake, vifungulie uzi wake nitakuja.