Keycloak kukataa redirect_uri nyuma ya Nginx

Mkuu, umeuliza kwa nini Keycloak, mfumo wa kuingia mara moja kwenye programu nyingi, inakataa redirect_uri (anwani ya kumrudisha mtumiaji kwenye programu baada ya kuingia), ukashuku cheti cha https. Cheti chako cha Let's Encrypt hakina kosa. Nginx, seva inayosimama mbele ya programu yako, inapokea https, halafu inazungumza na kontena la Docker (kisanduku ambamo programu inaendeshwa) kwa http tupu, kwa hiyo programu yako inadhani mtumiaji naye amekuja kwa http. Tazama anwani kwenye kivinjari pale Keycloak inapogoma: utaona redirect_uri=http%3A..., wakati wewe umesajili https. Herufi moja tu, lakini Keycloak haina msamaha hapo.

Weka kwenye Nginx: proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme, pamoja na Host na X-Forwarded-For, kisha iambie programu yenyewe iamini heda hizo (taarifa zinazoambatana na kila ombi). Upande wa Keycloak weka KC_PROXY_HEADERS=xforwarded, KC_HTTP_ENABLED=true, na KC_HOSTNAME iwe anwani kamili ya https. Ile KC_PROXY=edge inayosambaa kwenye maelekezo ya zamani achana nayo, imepitwa na wakati tangu toleo la 24.

Ndivyo tunavyoendesha kwa ofisi ya watalii hapa Njiro, Arusha, wafanyakazi wanaingia mara moja kwenye Nextcloud (hifadhi ya mafaili) na mfumo wa kuhifadhi safari.

Ila ukishaamini heda, usiache porti 8080 ya Keycloak wazi, maana yeyote atakayeifikia moja kwa moja anaweza kuzighushi. Ondoa sehemu ya ports kwenye mipangilio ya kontena la Keycloak, Nginx iifikie kwa mtandao wa ndani wa Docker. Na usijifariji na ufw, yaani firewall ya seva: porti iliyofunguliwa na Docker huipita pembeni.