Zenji na mfuko mwepesi

SWALI: Dada, mi na wife tunataka wikiendi Zanzibar ila hela ya mawazo, tutakula nini kule? – Msomaji, Tandika

JIBU: Kaka, kwanza beba kitambulisho, nauli ya boti ya mkazi sio ya mgeni. Kulala, gesti za Mji Mkongwe, ufukwe wa Nungwi waachie wenye dola. Sasa msosi: Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe wanapouza misosi, jioni patamu ila uliza bei kabla hujashika kitu, mi nshawahi kumaliza pweza ndo nauliza, nikalipa huku natabasamu kama nimefiwa. Mchana pigeni urojo, bakuli moja viazi, bajia, kachori, ukwaju unakung'ata ulimi, unashiba mpaka jioni. Zenji ikigoma kabisa, stendi ya Makumbusho hapo Dar kuna gari za Bagamoyo, nendeni huko.