Viungo vilivyokaza tangu kuzaliwa: kabla hujajilaumu, soma yaliyonipata

Dada, hongera kwa uzazi, na pole. Umeandika kuwa mwanao ana wiki mbili, viwiko havikunjiki, viganja na nyayo vimepinda kwa ndani, na mama mkwe anasema ni zile ndoo za maji ulizobeba ukiwa mjamzito. Si ndoo. Wangu alizaliwa hivyohivyo, sasa ana miaka sita, na mimi niliambiwa nimerogwa.

Viungo hukaza kwa sababu mtoto hakucheza vya kutosha tumboni. Kisichokunjwa na kunyooshwa hushikana. Sasa kwa nini hakucheza? Hapo sababu ni mamia: mishipa ya fahamu, misuli yenyewe, maji ya uzazi kuwa machache, umbo la mfuko wa uzazi, hata ugonjwa wa mama. Hali hii huitwa athrogriposisi, na humpata mtoto 1 hivi kati ya 3,000. Ulivyoeleza inafanana na ya wangu, amioplasia, ambapo misuli haikui na nafasi yake hushikwa na mafuta na nyuzi. Hiyo hairithiwi, na akili kwa kawaida huwa nzima. Lakini athibitishe daktari.

Sisi tulipoteza miezi minne. Kituo cha kwanza kiliona nyayo tu, kikafunga plasta, hakuna aliyegusa nyonga. Moja ilikuwa imetoka. Mpaka leo inaniuma.

Daktari wa pili alimvua nguo zote, akapima kiungo kimoja kimoja, akatazama uso, mgongo na anavyopumua, akaniuliza alianza kucheza mwezi wa ngapi. Kisha akanishika mkono, akasema nibane halafu niachie haraka. Nikashangaa. Kumbe kuna ugonjwa wa misuli wa kurithi ambao mama anaweza kuwa nao bila kujua, na dalili yake ni kushindwa kuachia upesi. Akaniuliza pia kama kope hulegea jioni, dalili ya miastenia, ugonjwa unaofanya misuli ichoke na kulegea: kingamwili za mama huvuka hadi kwa mtoto na kumzuia kucheza, na mama akitibiwa mimba inayofuata huwa na nafuu. Sikuwa na lolote kati ya hayo. Ndipo zikafuata eksirei na vipimo vya damu.

Mpeleke kwa daktari wa mifupa wa watoto wiki hii, umwombe aangalie na nyonga. Na anayemkanda kwa kuvuta viwiko aache leo. Mifupa ya watoto hawa huvunjika upesi.