Mtu akijibu meseji ya miaka mitatu iliyopita kwa grupu, usimcheke

Ilikuwa Disemba 2024, saa tano usiku hivi, nishaanza kusinzia, simu ikalia. Kwa grupu yetu ya mtaa huku Embakasi mama mmoja alikuwa amejibu meseji ya 2021, ya jirani aliyekuwa analalamika mita yake ya stima imekataa tokeni, ile namba unanunua kulipia stima. Ameandika tu "Ulifanyaje? Yangu pia imekataa." Basi. Na yule jirani wa 2021 alishahama kitambo, hata kwa grupu hayuko. Watu wakaanza, huyu ametoka wapi, mama kwani leo ni tarehe ngapi, mwingine akatuma zile emoji za kucheka mpaka machozi, na mimi admini, mwenye nilifaa kusimamisha hiyo maneno, nikatuma emoji moja pia nikageuka nikalala. Asubuhi nikapata ametoka kwa grupu.

Keteka, yule mwangalizi wa ploti yao, ndo alikuja kuniambia huyo mama alikuwa na mtoto wa wiki tatu na nyumba ilikuwa giza siku ya pili, tokeni amenunua, pesa imeenda, mita haitaki. Niliskia vibaya sana na bado naskia vibaya nikikumbuka, ndo maana naandika hii.

Kitu kinaniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo na tulikuwa tunalijua. Kila tokeni ya mita hizi hubeba hesabu ya wakati kwa dakika, ambayo ilikuwa inaanzia 1993, na hiyo hesabu ina mwisho wake, ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, si Kenya peke yake, ni kila mahali penye mita za aina hiyo. Mita kama haikuwa imebadilishwa kabla ya hiyo siku, inaendelea kula yuniti zilizo ndani vizuri tu, lakini tokeni mpya haishiki. Kenya Power, kampuni ya stima, walikuwa wanatuma namba tatu kwa meseji ukinunua, kila moja tarakimu 20, mbili za kwanza ni za kubadilisha mita, ya tatu ndo yuniti zenyewe, na lazima uziingize kwa huo mpangilio. Huyo mama alikuwa ameweka yuniti nyingi mapema akijitayarisha kujifungua, kwa hivo hakuona shida yoyote mpaka zikaisha, na akapata namba tatu akaingiza moja tu ju miaka yote amezoea namba moja. Dakika tano za jirani yeyote zingemtoa giza.

Sasa angalia kile alichokuwa amejibiwa yule wa 2021. Aliambiwa angoje nusu saa ajaribu tena, ama azime swichi kubwa awashe. Yeye ilimsaidia. Huyu wa 2024 angefuata hayo angekaa giza wiki nzima, na maneno ni yaleyale, mita imekataa tokeni. Hapo ndo nilielewa kwamba mtu akifufua mazungumzo ya zamani kuna mambo mawili unafaa kutenganisha haraka: mtu mwenyewe ni wa leo na shida yake ni ya leo, lakini jibu analoshikilia ni la zamani na linaweza kumpoteza. Sisi tulifanya kinyume kabisa, tukamtupa mtu tukaacha lile jibu hapo juu limekaa.

Siku hizi nikiona meseji ya zamani imejibiwa, kabla sijaandika chochote naibonyeza ili inirudishe pale ilipoandikwa nione ni ya lini. Fanya hivo hata kama una haraka, ju WhatsApp ukinukuu meseji inaonyesha jina na maneno pekee, tarehe haionyeshi. Kwa hivo meseji ya 2021 na ya jana zikinukuliwa zinafanana tu. Na aliyeongezwa kwa grupu juzi haoni yaliyoandikwa kabla hajaingia, akibonyeza hakuna mahali inampeleka, yeye anajua hiyo kitu imetokea leo. Halafu naandika tarehe waziwazi, "hii ilikuwa Machi 2021, mama tuambie yako imeanza lini na mita inaandika nini", na namuomba aandike upya kwa meseji yake mwenyewe, si juu ya ile ya zamani. Hiyo ya kuandika upya watu wanaichukulia ni madharau lakini ukiisema kwa heshima haina shida, ju mtu akieleza shida yake kutoka mwanzo mara nyingi ndo inajulikana kwamba si ile shida ya yule mwingine. Na namba ya mita ama kitambulisho asiweke mbele ya watu mia tatu, akutumie kando.

Kuna moja ilitutesa kuliko hiyo ya tokeni. Mtoto wa hapa mtaani alipotea 2022, mama yake akaweka picha na namba yake ya simu, na kwa neema ya Mungu mtoto akapatikana jioni hiyohiyo. Tulifurahi, tukaandika amina amina, picha ikabaki. Miaka miwili baadaye mtu, nafikiri alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa, akaijibu ile picha "Mungu amlinde jamani." Kwa wale wageni wa grupu mtoto amepotea leo. Wakatuma kwa grupu za kanisa, za chama, za wazazi wa shule, na simu ya yule mama ikaanza kulia usiku mpaka asubuhi, wengine wanauliza, wengine wanamwambia wamemwona mtoto wake mahali, na kuna mmoja alikuwa anaitisha pesa ndo amwachilie. Mtoto amelala hapo kando yake. Aliniambia alikuwa anaamka kumshika kuhakikisha yuko.

Kwa hivo kama uliwahi kuweka tangazo kwa grupu, la mtoto, la mzee aliyepotea, la mchango wa hospitali, ukishapata jibu usiandike "asanteni" ukaenda. Andika amepatikana, tarehe fulani, na uombe admini afute lile la kwanza. Tangu 2022 admini anaweza kufuta meseji ya mtu yeyote kwa grupu yake. Na wewe ukiona tangazo la mtoto limenukuliwa, kabla ya kulisambaza piga ile namba mara moja uulize kwa upole, ama uulize admini ni la lini. Kama kweli mtoto amepotea ripoti polisi na upige 116, hiyo ya watoto, ni bure.

Kwa mambo ya serikali mimi nafuta jibu la zamani kabisa nikiliona, siachi. Mtu anauliza vile atalipia matibabu ya mzazi anaenda kuchimbua meseji ya 2020 ya NHIF, ile bima ya afya ya serikali, shilingi 500 kwa mwezi, na NHIF ilishaisha, tangu 1 Oktoba 2024 iliyochukua nafasi yake ni SHA na unajisajili kwa *147#. Ratiba ya mgao wa maji pia hivohivo. Namba za mafundi nazo, usipigie namba ya fundi wa miaka minne iliyopita ukatuma pesa ya vifaa kabla hujamwona, ju laini ikikaa bila kutumika inauziwa mtu mwingine. Jirani yangu alitafuta fundi wa paipu hivo akapata mama wa watu huko Kitale, wakasalimiana vizuri tu, lakini angekuwa mtu mbaya?

Halafu kuna wale wanafufua ugomvi. Pesa ya taka ya 2019, nani alikula, nani hakulipa. Hiyo sijadili, nafuta, namtumia mtu meseji kando namwambia nimefuta na kwa nini, na kama ana risiti alete kwa mkutano. Wengine wamenikasirikia. Sawa.

Lakini nisikufanye uogope kujibu kitu cha zamani, ju kuna majibu yanachelewa na bado yanatakikana. Mama mmoja wa ile ploti ya kona aliwahi kuuliza mbona meno ya kijana wake yanatoka na madoa ya kahawia na anapiga mswaki kila siku. Watu wakamwambia ni soda, ni peremende, mazungumzo yakafa. Miezi kumi na moja baadaye mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi ya maji miaka mingi na alikuwa ameenda nyumbani shamba muda huo wote, akaijibu. Vijana wakaanza kumwandikia mzee hiyo ni ya mwaka jana, na safari hii niliwahi, nikasema mwacheni mzee aongee.

Akaeleza kwamba maji ya visima virefu Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi, inatoka kwa mawe ya volkano huko chini, na Shirika la Afya Duniani linasema isipite miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiinywa wakati meno ya utu uzima bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, ndo yanatoka na hayo madoa, na mswaki hauwezi kuyatoa. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floridi inabaki. Maji ya mvua hayana hiyo shida, na kuna kichujio cha mkaa wa mifupa, vile wamekuwa wakitumia upande wa Nakuru. Akamuuliza mama, huko kwenu mnakunywa ya kisima ama ya mfereji? Na kuna mtoto mwingine mdogo?

Mama akajibu ndani ya dakika mbili. Ni ya kisima. Na ndiyo, kuna msichana wa miaka miwili. Mzee akamwambia kesho yake achukue maji kwa chupa safi ampelekee, yeye anajua maabara ya kuyapima, na watu wanne wengine wa ploti hiyo wakaandika hapohapo kwamba na wao wataleta chupa zao. Nikabandika meseji ya mzee juu ya grupu siku 30, na mbele yake nikaandika tarehe.